Kusanidi seva kwa USB: kebo ya kidhibiti, flashi, au laptopu badala ya skrini?

Seva nyingi za ofisi zetu hazikai kwenye ukumbi mkubwa wenye mafundi wa zamu. Zipo kwenye chumba kidogo cha hospitali ya wilaya, nyuma ya kaunta ya SACCOS, au kwenye kabati la maabara ya kompyuta chuoni, na mara nyingi hazina skrini wala kibodi ya kwao. Siku za kawaida zinasimamiwa kwa mtandao. Lakini zipo kazi ambazo mtandao hauzifikii. Seva ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi na haina anwani ya IP. Swichi imeungua umeme uliporudi ghafla. Mtu amebadilisha mipangilio ya VLAN, yaani mgawanyo wa mtandao ndani ya swichi, akajifungia nje. Au mashine imenunuliwa ikiwa imetumika na hakuna anayejua nenosiri lake. Hapo fundi anasimama mbele ya raki akitafuta pa kuchomeka.

Poti ya USB ndiyo iliyo karibu, ila kuna njia nne za kuitumia, na hazifanani hata kidogo: kebo inayoingia kwenye kidhibiti cha seva, flashi yenye faili la mipangilio, kifaa kinachoigeuza laptopu kuwa skrini na kibodi ya seva, na adapta ya serial, poti ya zamani inayopitisha maandishi tu. Kama seva yako inayo njia ya kwanza, anza na hiyo. Kama haina, usihangaike na flashi kabla hujapata njia ya kuona skrini. Sababu zangu ni hizi.

Kebo inayoingia kwenye kidhibiti

Ndani ya seva za kampuni kubwa kuna kompyuta nyingine ndogo kwenye ubao mama, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake. Dell wanaiita iDRAC, HPE wanaiita iLO, Lenovo wanaiita XClarity Controller. Inatumia umeme mdogo wa akiba: mradi waya wa umeme umechomekwa, kidhibiti kiko macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kwa kawaida unakifikia kupitia poti yake ya mtandao iliyo nyuma ya mashine. Kampuni hizi tatu zimeongeza mlango wa USB upande wa mbele, kila moja kwa namna yake, na tofauti zao ndizo zinazoamua ubebe nini kwenye begi.

Kwa Dell, mlango huo unaitwa iDRAC Direct. Kwenye PowerEdge za kizazi cha 13, zilizotoka mwaka 2014 zikiwa na iDRAC8, ni tundu la USB la kawaida lenye alama ya spana, na kebo yake ina kichwa cha A pande zote mbili. Kuanzia kizazi cha 14, mwaka 2017, Dell waliweka poti ndogo ya micro-USB. Ukiunganisha laptopu, Windows inaiona seva kama kadi ya mtandao. Kidhibiti kinakaa kwenye 169.254.0.3, laptopu inapewa 169.254.0.4, nawe unafungua kivinjari, unaandika https://169.254.0.3, unakubali onyo la cheti, unaingia. Huna anwani ya kupanga wala programu ya kusakinisha. Zima Wi-Fi na chomoa mtandao mwingine wowote kwenye laptopu kabla ya kuanza, maana kompyuta yenye njia mbili huweza kupeleka maombi kusikotakiwa.

Kebo ndiyo inayokwamisha wengi hapa. Micro-USB zimejaa kila duka la simu, lakini nyingi za bei ya chini ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data. Ijaribu kwanza kwa kuhamisha picha kutoka kwenye simu ya zamani; isipopitisha picha, haitapitisha iDRAC. Dell wenyewe wanashauri isizidi futi 3, yaani sentimita 91 hivi. Ile ya A kwa A ya kizazi cha 13 ifungie lebo na uitumie hapo tu. Ukiunganisha nayo kompyuta mbili za kawaida, pande zote mbili zinatoa volti 5 na unaweza kuharibu poti.

HPE walifuata njia nyingine. Kwenye ProLiant Gen10, zenye iLO 5, kuna poti ya mbele iliyoandikwa iLO, inayoitwa iLO Service Port. Huchomeki kebo ya USB moja kwa moja hadi kwenye laptopu. Unachomeka adapta ya USB kwenda Ethernet kwenye seva, kisha unavuta waya wa mtandao kutoka kwenye adapta hadi kwenye laptopu. Narudia: adapta inakaa upande wa seva. iLO inapatikana kwenye 169.254.1.2. Na si kila adapta ya dukani itakubaliwa; HPE wanauza ya kwao, na zinazoungwa mkono ni zile za chipu ya ASIX ya familia ya AX88772. Kwa fundi wa mkoani, kuipata adapta ya chipu fulani hasa ni kazi ya kuagiza mapema, si ya kukimbilia mjini saa kumi jioni.

Lenovo waliifikiria simu. Kwenye seva za ThinkSystem zenye poti hiyo ya mbele, unapakua programu ya XClarity Mobile kwenye Android au iPhone, unaunganisha simu kwa kebo yake, na unawasha ugavi wa intaneti kwa USB. Kutoka hapo unaona hali ya mashine na hitilafu zilizorekodiwa, unaweza kuiwasha au kuizima, na unakipa kidhibiti anwani yake ya kwanza. Poti yenyewe inaweza kuwekwa itumike kwa zamu, mara iwe ya mfumo endeshi, mara ya kidhibiti. Katika mpango huo unabadilisha kwa kushikilia kitufe cha ID sekunde 3. Kwa mtu aliyeitwa ghafla bila laptopu hii ni msaada wa kweli, ila kioo cha simu hakifai kwa kazi ndefu ya kupanga RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja.

Nikipima zote tatu kwa kigezo cha vitu vinavyopatikana kirahisi Afrika Mashariki, Dell wako mbele: kebo yenye data na laptopu yoyote. Lenovo wanafuata. HPE ni wazuri sana ukishafika ndani, lakini kufika kunadai kifaa ambacho wengi hawanacho.

Kuna mambo mawili ya kuulizia kabla ya kununua, hasa seva iliyotumika. La kwanza ni leseni. Ukiingia kwa USB unapata kilekile ambacho ungepata kwa mtandao, hakuna zaidi. Kubadilisha anwani, kutazama hali ya diski na feni, kusasisha programu ya kidhibiti, hayo utayafanya. Lakini kuona skrini ya seva ndani ya kivinjari kunadai leseni ya Enterprise kwa iDRAC, na kwa iLO kunadai iLO Advanced mara tu mfumo endeshi unapoanza kupanda. Seva mbili za aina moja zinaweza kutofautiana kwa hilo tu, na muuzaji asipoulizwa hasemi.

La pili ni nenosiri. Mashine za HPE hutoka na jina la Administrator na nenosiri la pekee lililochapishwa kwenye lebo ya kuvuta. Dell, kuanzia kizazi cha 14, nao huweka nenosiri la pekee kwenye lebo isipokuwa mteja ameagiza lile la zamani, yaani root na calvin. Lenovo hutoka na USERID na PASSW0RD, yenye sifuri badala ya herufi O. Kama aliyekuuzia hakurudisha mipangilio ya kiwandani, lebo hiyo haina kazi: utalazimika kubonyeza F2 kwenye Dell au F9 kwenye HPE wakati mashine inawaka na kubadilisha humo. Hilo linataka skrini na kibodi, na ndiyo maana njia ya tatu hapa chini si ya anasa.

Flashi yenye mipangilio

Flashi inavutia kwa sababu kila mtu anayo. Tatizo ni kwamba kazi ya flashi kwenye poti ya usimamizi hutofautiana kabisa kati ya kampuni na kampuni.

Dell wanairuhusu ipeleke mipangilio ndani ya seva. Unaisanidi seva moja vizuri, unatoa wasifu wake kama faili la XML, unalirekebisha, kisha kwenye flashi unatengeneza folda inayoitwa System_Configuration_XML na kuliweka humo. Unachomeka kwenye poti ya iDRAC nayo inasoma na kutekeleza: BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama), RAID, anwani za kidhibiti, watumiaji. Kilicho kizuri zaidi ni mpangilio wa majina. iDRAC inatafuta kwanza faili lenye namba ya huduma (Service Tag) ya mashine hiyo, lisipokuwepo inatafuta lenye jina la modeli, na mwisho config.xml ya wote. Kwa hiyo flashi moja inaweza kubeba mipangilio ya seva kumi, kila moja ikachukua yake.

HPE kinyume chake. Flashi kwenye iLO Service Port inatoa, haiingizi: inachukua kumbukumbu za afya za mashine, zinazoitwa Active Health System, ili uzitume kwa fundi wa kampuni. Mfumo endeshi hauioni flashi hiyo, huwezi kuwashia seva kutoka kwayo, wala huwezi kuitumia kusasisha programu. Ni lazima iwe imefomatiwa kwa mfumo wa faili wa FAT32. Hata hivyo kwa ofisi iliyo mbali, kutoka na kumbukumbu za hitilafu bila kuizima seva inayohudumia wagonjwa ni jambo kubwa.

Kuna flashi ya aina nyingine isiyohusu kidhibiti kabisa, inayochomekwa kwenye poti yoyote ya seva na kujibu maswali ya usakinishaji. Mifumo ya Linux ya Red Hat na ndugu zake, kama Rocky na AlmaLinux, wakikuta diski yenye lebo OEMDRV na ndani yake faili la ks.cfg, wanalifuata bila kuambiwa. Ubuntu Server tangu 20.04 hutafuta diski yenye lebo CIDATA iliyo na user-data na meta-data. Windows Server husoma Autounattend.xml iliyo kwenye mzizi wa flashi. Njia hizi zinafanya kazi hata kwenye kompyuta ya mezani iliyopewa kazi ya seva. Ukitengeneza flashi ya Windows kwa FAT32, kumbuka kikomo cha GB 4 kwa faili moja: install.wim, faili kubwa lenye Windows yenyewe, kwa matoleo ya karibuni hukizidi, na lazima igawanywe.

Udhaifu wa flashi ni kwamba unafanya kazi gizani. Faili likikosewa mstari mmoja, kwa Dell utaona ujumbe mfupi kwenye paneli ya mbele kama mashine inayo, au utasoma faili la matokeo baadaye. Kwa usakinishaji, seva itasimama katikati ikisubiri jibu kwenye skrini ambayo haipo. Kwa seva moja, muda wa kuandika na kukagua faili ni mrefu kuliko kubofya mwenyewe. Zikifika tano zinazofanana, hesabu inageuka.

Na kuna usalama, ambao naomba tusiupuuze. Faili la mipangilio likiwa na manenosiri yaliyoandikwa wazi, aliyeokota flashi ameokota funguo zote. iDRAC inakuruhusu kuweka sharti kwamba ipokee faili lililofungwa kwa nenosiri tu, au ipokee USB wakati mashine bado ina nenosiri la kiwandani tu. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa Black Hat, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha kwamba programu iliyo ndani ya flashi yenyewe inaweza kuandikwa upya ili ijifanye kibodi na kuanza kuandika amri. Kuifomati hakusaidii. Kwa hiyo flashi ya seva iwe ya seva, isipite kwenye kompyuta za kuchapisha barua.

Laptopu kuwa skrini na kibodi

Seva isiyo na kidhibiti, au yenye kidhibiti ambacho huna nenosiri lake, inahitaji macho. Ndipo zinapoingia adapta zinazochukua picha kutoka kwenye VGA, poti ya skrini ya seva, na kujifanya kibodi na kipanya kwenye USB yake, kisha kuleta vyote kwenye dirisha moja la laptopu kwa kebo ya USB. StarTech wanazo zilizozoeleka sana. Uzuri wake ni kwamba seva haijui tofauti: kwake ni skrini na kibodi tu, kwa hiyo unaingia BIOS, unabadilisha nenosiri la iDRAC, unaona ujumbe wa kernel (kiini cha mfumo endeshi) ulikokwamia. Mashine ya mwaka wowote, ya kampuni yoyote, itakubali.

PiKVM na jamii yake ni hatua moja mbele. Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, inachukua picha kwa HDMI, inaigiza kibodi, kipanya na hata diski ya usakinishaji kwenye USB ya seva, na wewe unaitumia kwa kivinjari ukiwa mji mwingine. JetKVM na NanoKVM ni vifaa vidogo vya wazo hilohilo. Naona hii ndiyo njia bora kwa ofisi ambayo seva yake ni kompyuta ya mezani, kwa sababu unaweza pia kuunganisha pini za kitufe cha kuwashia zilizo kwenye ubao mama na kuiwasha kutoka mbali. Kwenye seva za kampuni kubwa mara nyingi pini hizo haziko katika mpangilio huo wa kawaida, kwa hiyo ikizimika, mtu lazima aende.

Vitu viwili huangusha mafundi hapa. Seva nyingi hutoa VGA, si HDMI, hivyo utahitaji kigeuzi, na kiwe kinachopata umeme wake. Pili, kwenye Raspberry Pi 4 poti ya USB-C inayoigiza kibodi ndiyo hiyohiyo inayoingiza umeme. Bila kebo ya kugawa umeme na data utaishia na Pi inayozimika kila seva inapozimika. Na kifaa hiki kisiwekwe wazi kwenye intaneti kwa hali yoyote. Kipite kwenye VPN, yaani njia ya siri iliyofungwa ndani ya intaneti; programu ya WireGuard inatosha, maana anayekifikia ni sawa na aliyeketi mbele ya seva.

Adapta ya serial

Hii nitaisema kwa ufupi kwa sababu inamfaa mtu mmoja hasa: anayeendesha Linux na tayari anabeba kebo ya kusanidi ruta na swichi. USB iko upande wa laptopu, upande wa seva ni poti ya pini 9, na katikati iwe kebo ya kukutanisha nyaya kinyume, ile ya null modem. Unawasha serial kwenye BIOS, unaongeza console=ttyS0,115200n8 kwenye mstari wa kernel, kisha unafungua programu ya PuTTY au screen kwenye laptopu kwa kasi ya 115200. Ni ya bei ndogo kuliko zote na inafanya kazi hata maandishi yanapokuwa ndiyo pekee yanayopita. Kwa Windows Server haina faida kubwa. Ukinunua adapta, jihadhari na chipu za kughushi: mwaka 2014 draiva ya watengenezaji wa chipu FTDI kwa Windows ilizifanya zile bandia zisitambulike tena, na draiva za sasa za Prolific, watengenezaji wengine, zinazikataa chipu zao za PL2303 za zamani. Kwenye laptopu ya Linux nyingi kati ya hizo zinaendelea kufanya kazi.

Basi uchague ipi?

Una seva moja au mbili za Dell za kizazi cha 13 kuendelea: nunua kebo sahihi, ijaribu, ifunge kwa kamba ndani ya mlango wa raki. Hiyo inatosha kwa karibu kila kitu, na kama huna leseni ya Enterprise, ongeza adapta ya VGA na USB. Una ProLiant Gen10: agiza adapta ya ASIX pamoja na seva yenyewe, kwenye hati moja ya manunuzi, kwa sababu baadaye hakuna atakayeidhinisha bajeti ya kitu kidogo hivyo. Una ThinkSystem na mhudumu wa zamu asiye fundi: msakinishie XClarity Mobile, akusomee hitilafu kwa simu huku wewe uko safarini.

Unapeleka seva nyingi zinazofanana kwenye shule au vituo vya afya: tumia flashi, na kama ni Dell tumia wasifu wa XML kwa namba za huduma. Lakini jaribu faili lako kwenye seva moja iliyo na skrini kabla hujaligusa kundi.

Umenunua mashine zilizotumika, au ofisi ina mchanganyiko wa kampuni tofauti: adapta ya kugeuza laptopu kuwa skrini ndiyo ya kwanza kununua, kabla ya kebo yoyote ya kidhibiti. Ni moja kwa mashine zote. Na kama mashine iko saa sita za basi kutoka ulipo na ni kompyuta ya mezani, weka PiKVM pamoja na UPS ndogo inayolisha Pi na ruta pia, si seva peke yake.

Njia yoyote utakayoshika, ingia kwenye mipangilio ya kidhibiti siku ya kwanza na uamue poti ya mbele ifanye nini. Chumba chenye kufuli na watu wachache wenye ufunguo, iache wazi. Seva iliyo kwenye korido au nyuma ya kaunta ambako wateja wanapita, izime kabisa au, kwa iLO, washa sharti la nenosiri kabla ya flashi kuchukua chochote. Kisha andika anwani ya kidhibiti na jina la kebo inayotakiwa kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa raki. Nenosiri usiliandike hapo. Liweke kwenye bahasha ndani ya sefu ya mhasibu, na mtu wa pili ajue lilipo.